Mama, Ruba Ametoka

Mpendwa mama,

Kwa heshima zote, na mbele ya mashahidi wawili, yaani mke wangu na beseni la bluu, natangaza kwamba ruba mmoja, urefu wake kidole cha mwisho, rangi yake majani ya chai yaliyochemshwa mara tatu, alihama makazi yake Jumamosi asubuhi. Hakutoa hotuba. Wakazi wa Munuki, mtaa wetu hapa Juba, wanaombwa kuendelea na shughuli zao.

Najua ungesema, "Punguza maneno, taja shida." Shida ilikuwa pua ya Apio.

Apio ni mkaza mwanao ambaye hukuwahi kumwona, Mganda anayeuza vitenge soko la Jebel. Kwa wiki mbili tundu lake la kushoto lilitoka damu, kidogo kidogo, kila siku ya Mungu. Zahanati walimpa matone, kisha wakampa matone mengine. Jirani akaniita pembeni, akaninong'oneza kwamba kuna ugonjwa wa kichwani unaoanza hivyo hivyo, nimkimbize Kampala. Mama, damu isiyokoma nilikuwa nimeiona mara moja tu maishani, na unajua ilikuwa ya nani. Apio alisema ni joto tu; wewe pia ulituambia hivyo, mpaka siku yako ya mwisho. Nikapakia begi la safari bila kubisha.

Ijumaa, tukingoja kusafiri kesho yake, Apio akasema kwa sauti ndogo, "Kuna kitu inatembea ndani ya pua."

Hapo nikakukumbuka ukiwa na yule mtamba wetu mwekundu. Alikuwa akipiga chafya za damu, baba ameshaanza kusema habari za mchinjaji. Wewe ukamfunga, ukamnyima maji tangu alfajiri, kisha ukamwekea beseni la maji baridi chini ya pua na kuniamuru nikae kimya. "Ruba anapenda maji kuliko damu," uliniambia, "na wewe unapenda maneno kuliko ugali. Leo mmoja wenu atashindwa." Aliyeshindwa alikuwa ruba. Alitoa kichwa, ukamkamata kwa kitambaa chenye majivu.

Tangu siku ile sijaacha kuwachungulia ruba. Hapa Juba natengeneza pampu za maji, kwa hiyo kuchungulia maji ni sehemu ya kazi, au ndivyo ninavyomwambia Apio. Nina daftari. Katikati ya Nile, maji yanapokimbia, sijaona ruba hata mmoja. Penye povu la wafuaji hakuna. Penye mchanga mtupu hakuna. Wapo kwenye maji yaliyotulia, ya kufika kifundoni, yenye nyasi na mawe ya kujificha chini yake, hasa mahali ng'ombe wanaponyweshwa. Ruba anataka kivuli, utulivu na majirani wanene. Mpangaji yeyote wa Juba anataka hayo hayo.

Nikamuuliza Apio, "Hivi karibuni umekunywa maji ya wapi?"

"Siku ya arusi ya rafiki yangu, kule mbele ya Gurei. Jua ilikuwa kali, nikanawa uso kwa khor, nikakunywa na mkono."

"Maji ya hicho kijito yalikuwa yanakimbia?"

"Imesimama tu. Safi, mpaka mawe inaonekana."

"Na ng'ombe?"

"Walikuwa hapo juu kidogo. Mbona unaniuliza kama polisi?"

Mama, dimbwi hilo lilikuwa kwenye daftari langu. Ukurasa mzima, na mchoro. Nilikuwa nimewaeleza mafundi wenzangu, nimemweleza hata mwenye gari la maji. Mke wangu sikumwambia, kwa sababu huwa ananicheka.

Safari tukaiahirisha kwa nusu siku. Jumamosi Apio hakuonja tone la maji tangu alipoamka, na jua la hapa unalisikia tu kwa watu. Saa nne nikaleta beseni na kumsimulia habari za mtamba wako.

"Wewe iko na akili? Mimi si ng'ombe ya mama yako!"

"Najua. Ng'ombe alikuwa mtulivu."

Akainama, akinitukana kwa lugha tatu ndani ya maji. Kisha tukanyamaza wote wawili. Kichwa cha ruba kikajitokeza, kikarudi, kikajitokeza tena. Nikamshika kwa kitambaa cha majivu na kufanya ulivyofanya: sikuvuta, nilimshikilia tu mpaka akachoka, akaachia.

"Khalas?" akauliza Apio.

"Khalas. Imekwisha."

Alikunywa jagi zima la maji. Akalia, akacheka, akaniamuru nichome daftari. Baadaye akabadili mawazo: "Weka. Lakini andika dimbwi zote kwa karatasi kubwa, nitabandika pale sokoni." Zahanati walimmulika puani jioni hiyo wakakuta pasafi. Damu haijarudi. Nimelifungua begi na kuning'iniza nguo, na kwa kila nguo nilipumua kama mtu aliyetolewa chini ya gunia.

Asante, mama. Nilichelewa kujua kwamba siku ile ya mtamba ulikuwa ukinifundisha, nilidhani ulitaka tu ninyamaze. Pumzika huko uliko, penye kivuli.

Ni mimi mwanao wa tatu, yule wa maneno mengi.

Apio amelala mchana huu. Matundu yote mawili yako wazi, na anakoroma.