Kipindi Kisicho na Wiki Ijayo

Jumapili, Agosti. Ilford, mashariki mwa London. Joto la tangu juzi halijapungua, madirisha yote yako wazi, na mimi nina aibu ya kuwatosha watu wawili.

Miaka mitatu iliyopita niliandika tamthilia ya kuchekesha kuhusu mama wa Tanga na binti yake wanaoishi London. Tulirekodi sehemu moja tu, ya majaribio, ili kituo cha televisheni kikiipenda kiagize nyingine. Hakikuipenda. Kiangazi hiki vipindi vikubwa viko likizo, na kituo hichohicho kinaziba pengo kwa majaribio kiliyoyakataa, wiki hii la huyu, wiki ijayo la yule. Kwa lugha ya jikoni, ni viporo. Changu kilipakuliwa jana saa kumi na mbili jioni.

Mama nilimwambia tu kwamba Jumamosi kipindi changu kitaonyeshwa. Nikaishia hapo.

Mama ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana cha wanawake wa Kitanzania. Akauhamisha mkutano wao kutoka Wembley, ukaja sebuleni kwetu. Walikuja kumi na wawili, wamependeza kama wanakwenda harusini, wamebeba kachori na vitumbua. Mambo ya misiba yakamalizwa kwa dakika kumi, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Walicheka. Lazima niliandike hilo, maana nimelisubiri miaka mitatu. Walicheka pale nilipotaka wacheke, wakanyamaza mwishoni, binti akiwa amesimama mlangoni na sanduku, mama yake kampa mgongo, anaosha vyombo. Hapo kikaisha.

"Eh! Anaondoka au haondoki?" Mama Zuhura aliuliza, kajipiga paja.

"Tutajua next week," akasema Da Rehema, mdogo kuliko wote. "Mimi nikitoka shift nakuja straight."

Papo hapo wakapanga zamu. Kila Jumamosi hapa kwetu, nani alete nini, mpaka Oktoba. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe. Mdomo nilikuwa nao.

Sikuufungua.

Leo asubuhi nimemkuta Mama kwenye meza ya jikoni, kavaa miwani, anaiandika ile zamu kwenye simu ili aitume kwa kikundi. Nikaona nikichelewa dakika tano nimekwisha. Nikamwambia yote: hakuna wiki ijayo, kipindi hakikununuliwa, na nimelijua hilo siku zote hizi.

Akaiweka simu chini. Nilidhani atalia kwa aibu ya wenzake, katibu mzima kuwaalika watu kwenye kitu kilichokwisha kufa. Aliuliza swali moja.

"Sasa yule binti, aliondoka?"

Nikasema sijui, sikuandika, kwa kuwa hawakuagiza.

"Yaani mpaka Mzungu akuagize ndiyo ujue mwanao kaenda wapi? Basi mimi siwaambii. Jumamosi wakija, utawasimulia mwenyewe. Na uwe unajua."

Akaituma zamu mbele ya macho yangu. Sijatoka hata jikoni, Mama Zuhura kashajibu kwamba analeta mkate wa kumimina.

Nilikasirika, sitaficha. Nilitaka kumwambia kazi hii haiendi hivyo, kuna watu wanaoamua. Nikapanda chumbani kwangu nikafungua kompyuta, nikatafuta chochote cha sehemu ya pili, hata ukurasa mmoja, hata mistari miwili niliyoiandika nikiwa na hasira.

Hakuna kitu.

Miaka mitatu nimekuwa nikimweleza kila aliyeniuliza kwamba kituo kiliniulia hadithi yangu. Kituo kilikataa kuinunua, hilo ni kweli. Kuiandika, nani alinikataza?