Zimwi Lenye Zipu

Mdogo wangu Aline,

Huku ughaibuni, Rissne, hatujambo. Mama anakusalimu sana, nami nimemaliza shule.

Umeniuliza kwa nini napenda filamu za kutisha za bei rahisi. Ni kwa ajili ya mjomba wako, baba yangu. Tangu tukimbie vita, alikuwa hacheki. Jumamosi moja tulitazama zimwi likimaliza kijiji kizima. Ghafla baba akasema, "Wee binti, ona mgongoni! Zimwi zima lina zipu, kumbe ni vazi tu!" Akacheka mpaka akafuta machozi. Baada ya hapo, kila Jumamosi tulikuwa tukitafuta zipu.

Siku tulipomzika, nilisimama nyuma ya watu nikaitafuta ile zipu. Sikuiona. Ndiyo maana bado nazitazama filamu zile, Aline. Humo zipu imo.

Dada yako,
Divine