Nyangumi Waliotolewa Kwenye Orodha

Quakers Hill, Sydney
Juni 2022

Dada yangu Emerance,

Watoto wazima, baridi imeingia. Jumamosi nilimpeleka Mama Maureen, bibi ninayemtunza kazini, kwenye majabali ya pwani kutazama nyangumi. Amewahesabu kila mwaka kwa miaka thelathini. Zamani waliwindwa hadi wakakaribia kuisha. Sasa wamejaa tena, na serikali imewatoa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini.

"Si ufurahi, Mama?" nikamwuliza.

"Nafurahi, Armelle. Ila najiuliza, nani atawaangalia sasa?"

Hapo nikamwambia nililokuficha wewe. Miaka mitano iliyopita nilikatwa titi kwa sababu ya kansa. Tangu hapo nimekuwa nikichunguzwa, na Alhamisi daktari akasema nimepona, nisirudi tena. Nikakaa stesheni, treni tatu zikanipita. Niliogopa kuliko siku ile nilipoambiwa naumwa.

Mama Maureen hakunipa pole. Alinikabidhi darubini yake. "Wametolewa kwenye orodha, lakini mimi bado nakuja. Haya, hesabu."

Tulihesabu kumi na mmoja.

Nipigie Jumapili, uniulize hali. Safari hii nitakujibu ukweli.

Mdogo wako,
Armelle