Futa na Futa

Chumba cha uani, mlango wa tatu
Jumamosi, tarehe 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Ukimaliza, barua hii usiiache juu ya kabati wala usiifiche ndani ya kitabu, ichome jikoni. Asijue mtu, na hasa asijue kaka yako. Unamfahamu Baba: akisikia atapanda gari la kwanza aje kugombana na kompyuta zetu, moja baada ya nyingine.

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Bado linakusumbua ukipanda ngazi, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na Bibi, analala vizuri siku hizi? Mimi ni mzima wa mwili. Chakula nakula, ila kinapita tu, ladha siisikii.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, nami sikukujibu vizuri. Ofisi yetu inatengeneza programu za kompyuta kwa ajili ya zahanati. Programu zenyewe siziandiki. Mimi ni karani. Naandika maneno yanayoonekana kwenye skrini, natunza kumbukumbu, na kila asubuhi nahudhuria mkutano ambao watu wote husimama ili uwe mfupi. Unachukua saa nzima. Mtaalamu anayeandika programu tumempa jina Bwana Kesho, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila ombi. Ukimwonyesha kosa anasema, "Mbona kwangu inafanya kazi?" kana kwamba wagonjwa watakwenda kutibiwa mezani kwake.

Sasa sikia walichonitenda.

Kwenye programu ya miadi, mpokeaji wa zahanati akitaka kumwondoa mgonjwa kwenye orodha, skrini humuuliza kwanza: "Una hakika unataka kufuta miadi hii?" Chini yake kuna vitufe viwili, kimoja cha kufuta kweli, kingine cha kurudi nyuma bila kugusa kitu. Cha kwanza nilikiandika "Futa", cha pili "Ghairi". Mkuu wa mradi akasoma orodha yangu ya maneno, akacheka mbele ya watu. "Ghairi! Bibie, tunatengeneza programu au tunatunga mashairi? Watu wanafuta safari, wanafuta mikutano. Andika Futa." Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba kitufe cha jirani tayari kinaitwa Futa. "Basi watakuwa mapacha," akasema. Akachukua kalamu yake nyekundu, akakata neno langu, akaandika lake juu. Bwana Kesho akayaingiza vilevile yalivyo, na siku hiyo, ajabu, hakusema kesho.

Jumanne simu ikalia. Alikuwa mpokeaji wa zahanati ya macho, mama mmoja mwenye sauti ya kukemea. "Binti, mashine yenu imeniuliza kama nataka kufuta. Chini imeniwekea Futa na Futa. Hilo ni swali au ni amri?"

Nikamuuliza amebonyeza kipi.

"Cha kulia! Nilidhani hicho ndicho kinafuta kule kufuta."

Kwa bahati mbaya alikuwa amechagua wiki nzima badala ya mgonjwa mmoja, na alikuwa anajaribu kurudi nyuma. Wagonjwa arobaini na mmoja wakafutika. Nakala ya akiba ingewarudisha, lakini Bwana Kesho alikuwa hajaichukua kwa siku kumi na moja. Jumatano mzee mmoja, aliyengoja miezi mitano kutolewa mtoto wa jicho, alifika ameshikwa mkono na binti yake, akaambiwa jina lake halipo. Akageuzwa mlangoni. Hilo, Shangazi, ndilo linaloniuma.

Waliokolewa na nani? Na yule mama mkali. Alikuwa na daftari lake chini ya meza, maana hajawahi kutuamini hata siku moja. Alhamisi kutwa alinisomea majina kwa simu, nami nikayaandika upya. Mzee amepangiwa wiki ijayo. Ofisini hakuna aliyeniambia hata ahsante.

Badala yake, jana Mkuu wa mradi aliniita, akanisukumia karatasi iliyokwisha kuchapwa: "Mimi karani niliandika neno lisilo sahihi bila kumshauri mtu yeyote." Natakiwa kutia sahihi Jumatatu saa tatu asubuhi. Nikitia, nabaki na onyo. Nisipotia, kipindi changu cha majaribio kinaishia hapo hapo, nirudishe kitambulisho. Niliisoma mara mbili, kalamu sikuigusa. Akatabasamu. "Ni sahihi tu, mdogo wangu. Mbona unaogopa kama unafunga ndoa?" Bwana Kesho alikuwa pembeni, anachezea waya wa chaja. "Tia tu," akasema, "keshokutwa watu watakuwa wamesahau." Hata kusahau hawezi kusahau leo!

Bila kumshauri mtu! Mimi, ninayeomba ruhusa hata ya kufungua dirisha! Nimesomeshwa na mtu kama wewe, halafu niandikiwe uongo na kupewa kalamu? Naogopa, sikufichi, lakini hasira imezidi woga.

Ile karatasi ya kalamu nyekundu ninayo. Nimetoa nakala mbili, na moja nimeikunja ndani ya bahasha hii. Hiyo usiichome. Tangu asubuhi naandika maelezo yangu mwenyewe, ukurasa mmoja, bila tusi hata moja, ingawa yalinijia mengi na mengine mazuri kabisa. Hayo ndiyo nitakayoyapeleka. Nimejizoeza mbele ya kioo kusema "Sitii sahihi", na kila mara sauti inakatika katikati. Niombee.

Nisalimie Bibi, mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Msalimie na binamu yangu Mapengo, umwambie meno hayaoti kwa kuyatazama. Mungu akulinde wewe na goti lako, na awape ninyi nyote usingizi ambao mimi sina.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye sana.

Nyongeza: Usipige simu yangu wala usitume ujumbe, maana simu ni ya ofisi. Dereva wa basi ameahidi utaipata barua hii Jumatatu. Jumanne saa nne asubuhi mpigie fundi cherehani wa hapa uani. Namba yake iko nyuma ya bahasha, kwa penseli. Ongea kwa nguvu, cherehani inapiga kelele. Muulize kama yule wa mlango wa tatu yupo. Akisema nimekwenda kazini, usinipongeze kwanza. Piga tena jioni, nikueleze nimeingiaje, kwa sahihi au bila sahihi. Akisema nipo chumbani, usishtuke wala usimwambie pole. Mwambie aniite, nije tuongee kwa nafasi.