Alama Kwenye Paja la Nélida

Jumatano, 9 Machi 2011

Mzee Baudilio amerudi kutoka hospitali. Amerudi na krimu ya kujipaka na maneno ya kumtosha wiki nzima. Kumbe shingoni lilikuwa jipu. Jipu! Na mimi nilimpakia kwenye gari la wagonjwa, kilomita sabini, na barua niliyoandika kwa herufi kubwa: BUIBUI WA KONA. Daktari akalitumbua, akamwambia aende zake.

Ingekuwa kicheko tu, ningevumilia. Lakini gari likiwa huko, binti wa mpishi wa shule alishikwa na uchungu, ikabidi wamkimbize kwenye tela la trekta. Mtoto kazaliwa njiani. Mzima, namshukuru Mungu. Msimamizi wangu alipiga simu mchana. Hakufoka. Alisema tu gari ni moja, vijiji ni kumi na vinne, na siku nyingine kabla sijanyanyua simu nihesabu hadi kumi.

Dukani sasa naitwa Bi Buibui. Baudilio mwenyewe ndiye aliyelianzisha jina hilo. Nilicheka nao. Miaka kumi na tisa peke yangu kwenye zahanati hii ya Pataguas, kucheka nao nakujua.

Jumamosi, 12 Machi

Nimefagia nyuma ya makabati, nyumbani na zahanati. Tangu tetemeko la ardhi la Februari mwaka jana, mkoa wetu wote wa Maule ni nyufa, na nyumba zetu za matofali ya udongo ndizo zilizopasuka zaidi. Buibui wamepata majumba. Nimeua watatu, wale wa kona. Wembamba, rangi ya kahawia, miguu mirefu. Watu wazima wanacheka wakiambiwa kidudu kama hicho kinaua.

Kila mwaka nawaeleza: kung'uteni nguo kabla ya kuvaa, sogezeni kitanda mbali na ukuta. Wanaitikia kwa adabu. Kisha wanarudi nyumbani kutundika suruali msumarini.

Jumatatu, 14 Machi

Nélida kaja saa nne na dakika arobaini, kwa mlango wa jikoni kama kawaida yake. Nilisimamia ubatizo wa bintiye, ndiyo maana tunaitana komadre, na komadre hapangi foleni. Alikuwa na haraka. Mavuno ya zabibu yanaisha wiki hii, hataki mtu mwingine apewe safu yake.

Alfajiri alivaa suruali ya kazi iliyokuwa ukutani tangu Ijumaa. Akahisi kama ncha ya sigara inayowaka. Akajipiga kofi. Kitu kikapondeka, kikaanguka, akakikanyaga, akakifagia nje.

Nikamuuliza kilikuwaje.

"Kilikuwa na miguu, komadre. Jina sikukiuliza."

Paja la kushoto, kwa nje, juu kidogo ya goti. Doa jekundu, dogo kuliko kifungo cha shati. Limevimba kidogo tu. Nilipolibonyeza aliuma midomo. Anasema maumivu yanapanda badala ya kushuka.

Hapo ndipo ningenyanyua simu. Badala yake nikahesabu hadi kumi. Kweli kabisa, nilihesabu, kama mtoto wa chekechea. Nikaiona akilini ile trekta. Nikamsikia Baudilio dukani.

Nikamwambia aweke barafu, asiweke kitu chochote cha moto, apumzike, na akipata homa au mkojo ukibadilika rangi aje mbio. Nikazungushia ule wekundu duara kwa kalamu. Akanywa chai yangu, akala mkate na parachichi, akaondoka. Kwenda kupumzika? Shambani!

Jumanne, 15 Machi

Nélida karudi, wekundu umelivuka duara kwa vidole vitatu. Na si wekundu tena. Katikati ni bluu, kuna mabaka meupe yasiyo na damu, kama marumaru ya kaburini. Doa limepakwa kitunguu saumu. Barafu ilimtia baridi, kwa hiyo alisaga kitunguu, akakifunga kwa kitambaa cha moto usiku kucha. Sikumgombeza. Usiku huo wa kukaa nyumbani nilimpa mimi.

Nikapiga simu hospitali. Nesi wa zamu akauliza homa. Nikamwambia thelathini na saba na nusu. Buibui mmemwona? Hatukumwona. Akauliza kama ni mimi yule wa jipu. Akasema daktari wa vijiji anafika kwetu kesho, basi amwone yeye kwanza.

Ningeweza kubisha. Tangazo liko ukutani, nyuma ya kichwa changu, nililibandika kwa mikono yangu: maumivu yakizidi, ngozi ikigeuka rangi, usingoje, saa za mwanzo ndizo za kuokoa. Sikubisha. Nilisema asante.

Nélida nilimuuliza habari ya mkojo. Akasema ni wa kawaida. Alikuwa anatazama dirishani aliposema.

Jumatano, 16 Machi

Saa mbili asubuhi mumewe, Eleodoro, kaingia amembeba. Nélida macho ya manjano. Anatetemeka, homa thelathini na tisa na nusu. Nikampa kichupa cha mkojo. Alichotoa ni chai ya rangi — ile iliyochemka ikasahaulika jikoni.

Tangu lini? Tangu jana alfajiri, akasema. Mwanzoni alidhani ni zabibu, maana wavunaji wanazila kutwa. Nikamkazia macho. Ndipo akasema ukweli. Jana alijua. Aliogopa nitampeleka hospitali iwe si kitu, watu waseme Bi Buibui kapeleka jipu jingine. Alinionea huruma. Yeye, mimi!

Gari la wagonjwa lilikuwa huko milimani. Daktari wa vijiji sikumngoja. Tulimlaza kiti cha nyuma cha pikapu ya Eleodoro, dripu nikaishikilia juu kwa mkono wangu kilomita zote sabini, hadi mkono ukafa ganzi. Njiani Nélida alikuwa anazungumza na mama yake, ambaye tulimzika miaka sita iliyopita. Alimwomba aondoe nguo kwenye kamba, mvua inakuja. Eleodoro hakugeuka hata mara moja. Aliendesha tu.

Mapokezi hakuna aliyenitania. Walipokiona kile kichupa walikimbia.

Alhamisi, 17 Machi

Figo zimesimama. Amewekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Nilipewa dakika tano, kupitia kioo. Uso umevimba, pete wameikata kidoleni.

Daktari wake ni mwanamke kijana, anaongea taratibu. Alitueleza kwamba sumu imevunja damu ndani ya mishipa, na mabaki ya damu hiyo ndiyo yameziba figo. Mapema zaidi, alisema, pengine wangeweza kulizuia hilo. Alimwambia Eleodoro, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu naye. Aliniuliza kama niliwahi kuliona doa kabla ya jana. Nikasema ndiyo. Akaitwa kitanda kingine kabla hajauliza lini.

Nimerudi kwa basi. Sijala.

Ijumaa, 18 Machi

Paja linakuwa jeusi. Hajaamka. Zahanati nimeifungua. Watu ishirini, wote wapole. Baudilio kaniletea mayai, akayaweka mezani, akaondoka.

Jumapili, 20 Machi

Kanisani sikwenda. Eleodoro alikuja baada ya misa, hajanyoa tangu Jumatano. Nélida alifumbua macho jana jioni. Amemjua mumewe, amemuulizia binti yake. Figo bado. Nyama iliyokufa pajani wataikata wiki ijayo, kiasi gani hawasemi. Nilimwekea Eleodoro mchuzi wa kuku, akauchezea kwa kijiko.

Akanipa habari za misa. Padri amenitaja kwa jina mbele ya watu wote, kwamba bila mimi mwanamke yule angekuwa maiti. Alinieleza haya akiangalia kofia yake.

Kisha akatoa fomu mfukoni. Hospitali inataka maelezo ya zahanati: mgonjwa alionwa lini kwa mara ya kwanza, kwa hali gani, akafanyiwa nini. Anaondoka leo hii kwenda kumwona, ataibeba.

Akasema kwa mdomo walishamuuliza yeye, naye aliwajibu Jumanne. Kwamba Jumanne nilimwona, Jumanne hiyohiyo nikapiga simu, na wao ndio walioniambia ningoje. Nikamwambia alikuja Jumatatu. Akasema anajua. Lakini Jumatatu hakuna aliyemwona akiingia jikoni kwangu, na kwenye daftari la wagonjwa jina lake siku hiyo halipo. Ni kweli, halipo. Nilimpokea kama komadre, sikumwandika.

"Wakikuondoa hapa, komadre, tunabaki na nani? Si maneno yangu, ni yake Nélida. Jana, baada ya kumuulizia mtoto, alisema hilo."

Nikaondoa bakuli. Lilikuwa bado limejaa; nikaumwaga mchuzi, nikalisafisha. Nyuma yangu akasema:

"Lakini mimi niambie. Jumatatu ulijua?"

Nimewahi kuwaambia watu humu ndani kwamba wana saratani. Nimewahi kumwambia mama kwamba moyo wa mtoto tumboni hausikiki. Safari hii nilikausha bakuli kwanza.

"Nilishuku," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, mara moja. Akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Nilingoja apige meza. Heri angeipiga.

"Basi andika Jumanne," akasema, akatoka.

Yuko nje kwenye pikapu, mlango wazi, miguu ameiweka chini. Hapigi honi. Namwona kutoka nilipokaa. Nimeandika humu kwanza. Fomu iko kando ya kiwiko changu. Nimejaza jina lote la Nélida, na ukoo wa baba na wa mama. Umri, thelathini na nne. Kijiji, Pataguas. Mstari unaofuata ni wa tarehe.