Jumapili Kiti Msiniwekee

Nambambo, Nachingwea
5 Novemba 2024

Mdogo wangu Teodosia,

Pokea salamu zangu, wewe na wote wanaolala nyumbani kwako hapo Nandagala. Magoti yako yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea unaitumia, au umeshamgawia Ashura jirani yako kama kawaida yako? Mimi ni mzima, ila mguu wa kulia unanisumbua kidogo, na huenda Jumapili nisifike. Hilo nitalirudia.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimeandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu aniandikie. Niliishia darasa la nne lakini mwalimu alikuwa ananyanyua daftari langu darasa zima lione, na wewe uliyefika la saba hati yako ilikuwa kama kuku kaparua, usibishe. Nimeianza tangu Jumamosi.

Korosho mwaka huu ni nzuri. Miti yangu mia mbili na kumi imebeba mpaka matawi yanagusa chini, hakuna mwenye shamba kama langu kuanzia hapa mpaka Chunyu. Watu wanasema ni salfa, ile dawa ya kupulizia miti. Mimi nawaambia si salfa, ni mimi Saturnini.

Sasa habari za mwanao Dafrosa na mumewe. Nicholaus amemaliza utumishi wake jeshini, alifika tarehe kumi na mbili mwezi uliopita na lile sanduku lake la bati lenye namba ya jeshi kwa rangi nyeupe. Hatukuwa tumemwona tangu msiba wa baba yake, miaka mitano. Dafrosa alikuwa ameipaka upya nyumba yao, ile aliyoijenga Nicholaus hapa uani kwangu alipooa, kama desturi yetu mume kuja kujenga kwao mke. Nikachinja jogoo. Wakati wa kula Dafrosa akamtilia mumewe kwenye sahani ya maua, ya wageni, akamwambia karibu. Nicholaus akashukuru, akauliza maji ya kunawa yanawekwa wapi. Kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Wameendelea hivyo hivyo. Alfajiri Nicholaus anakunja shuka pembe nne kama bado anakaguliwa. Nguo zake anafua mwenyewe, anaanika kwa mstari, na Dafrosa anasimama mlangoni na beseni tupu anamtazama. Prisila jirani yetu alimtania kisimani, akamwuliza mgeni wako anaondoka lini. Dafrosa akacheka, halafu akaja jikoni akakaa muda mrefu bila kuwasha moto.

Siku moja tulikuwa tunaokota korosho watatu. Nicholaus akajaribu utani, akasema kwa jinsi Dafrosa anavyotuamrisha humu shambani, jeshini wangempa usajenti. Dafrosa akamjibu bila kuinua kichwa kwamba huko kwao wanawake hawatakiwi, anajua. Nicholaus akadhani anasimangwa, akahamia mti wa pili. Mimi nikamfokea mbwa, na mbwa hakuwa amefanya kitu.

Alhamisi iliyopita Nicholaus alikuja akachuchumaa mbele yangu kwa adabu. Akasema mjomba, sitaki kumfunga mtu. Akasema miaka tisa anajua Dafrosa hataki kuishi naye, alitumaini akirudi yeye mambo yatabadilika, hayakubadilika. Afadhali wazee wakae, yeye amwachie nyumba, aende kwa kaka yake Alfred kule Chunyu. Nikamwita Dafrosa. Alisikiliza huku anafuta mikono kwenye kanga, akasema neno moja tu, sawa. Ndipo ukapangwa huu mkutano wa Jumapili kwako baada ya misa, na wewe ukaniambia niwahi, kwa sababu kiti cha katikati ni cha mjomba na neno la kufunga ni langu.

Teodosia, kaa chini kwanza.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na tano Nicholaus alipewa kota kule Tabora, vyumba viwili na jiko. Angeweza kumwambia mkewe moja kwa moja, simu alikuwa nayo. Lakini alilelewa vizuri, akajua mke haondolewi kwao bila mjomba kuulizwa. Akanipigia mimi kwanza. Nikamwambia ngoja nimuulize Dafrosa.

Sikumuuliza.

Baada ya siku tatu nikampigia, nikasema Dafrosa amekataa, hawezi kuacha kwao, na anaona aibu kukutamkia, kwa hiyo usimtajie tena, utamuumiza. Na Dafrosa alipoanza kuniuliza mbona wake wa wenzake wanaitwa, nikamwambia mumeo ameniambia kule hataki mke, na ukimsumbua mwanajeshi na maneno ya nyumbani atapotea kazini. Wote wawili wakaniheshimu. Kila Jumapili walikuwa wanaongea kwenye simu habari za mvua, za korosho, za wagonjwa. Mimi nakaa pembeni nasikiliza, na hilo moja hawakuligusa hata siku moja.

Nilikuwa najiambia ni kwa ajili ya mikorosho. Kweli mikorosho Dafrosa anaijua kuliko mimi, na ile ya kusema ni Saturnini ifute, ni yeye. Lakini si mikorosho. Wakati huo mke wangu alikuwa na mwaka mmoja tu kaburini. Dafrosa, uliyenipa nimlee tangu ana miaka sita, ndiye aliyekuwa ananiletea maji ya moto asubuhi na kunisema nikivaa shati chafu. Nikaona akienda nitabaki nasikiliza kuku.

Sasa ana miaka thelathini na minane na hana mtoto. Kisimani kuna waliomwita mgumba, na mimi nilikwenda nikawafokea, nikarudi nyumbani najisifu kwamba nimemtetea mpwa wangu. Hilo ndilo linaloninyima kula.

Wao watafika kwako Jumamosi mchana. Wakalishe pamoja, uwasomee barua hii yote, usiruke kitu, hata pale ninapojisifu. Usiwape wasome wenyewe, maana mmoja ataisoma na kuikunja. Wakiamua kuachana waachane, lakini wawe wanajua kwamba hakuna aliyemkataa mwenzake. Dafrosa akikataa kurudi huku, mwambie maji ya moto najua kuchemsha.

Mguu wangu hauna ugonjwa. Nilipanga kusingizia mguu, na mwanzo wa barua sikuufuta ili uone nilivyo. Nitakuja Jumapili kwa gari la asubuhi. Barua nimeitanguliza kwa sababu najijua, nikifika na kuona watu wamekaa, mdomo wangu utapata namna ya kugeuza maneno. Sasa hautapata. Kile kiti msiniwekee. Tandika mkeka, nitakaa chini wanapokaa wanaoshtakiwa.

Barua nampa Obadia, yule kondakta mtoto wa Jumanne, atakupa mkononi. Nisalimie wanakwaya wenzako, na huyo Ashura mwambie dawa arudishe.

Mimi kaka yako,
Saturnini