Kandambili za Mama

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, baada ya kuanika

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Shemeji na watoto wazima? Sisi tunapumua. Baba ni leo nafuu, kesho taabu. Macho ndiyo hayo, sasa anamtambua mtu kwa kikohozi tu. Mimi kutwa niko kwa dobi, na nikitoka kwenye nguo za watu naingia kwenye za kwetu. Mgongo umenisusa. Si lawama, Dada, nakusimulia tu.

Mdogo wetu Mpole bado hana kazi. Tangu aache ile ya benki, Baba alikuwa hamsemeshi. Anajifungia na kompyuta yake, anatengeneza mchezo wa kutisha peke yake. Hauna mapanga wala damu. Wewe ni mlinzi, umekaa gizani kwenye chumba cha mlango mmoja, unamsubiri mwenzako aje akupokee zamu. Nje kuna hatua. Ukimfungulia mwenzako, umepona. Ukilifungulia dubwana, kwisha habari yako. Kuona huoni kitu, ni masikio tu.

Wiki iliyopita Baba aliniuliza kijana anafanya nini humo ndani. Nikamweleza. Akacheka.

"Basi huo ni mchezo wangu mimi. Mwambie alete."

Mpole akamvalisha spika za masikioni. Ungemwona Baba! Alitulia tuli. Hatua nzito zikaja, zikasimama mlangoni, akazikaushia mpaka zikaondoka. Kisha zikaja nyingine, za kuburuta kandambili. Baba akanyanyuka kitini.

"Mama yenu huyo!"

Akapapasa kitufe, akafungua. Dubwana likamla.

Kumbe Mpole alizitoa hatua hizo kwenye video ya simu, ile aliyomrekodi Mama akipita ukumbini mwaka aliotutoka. Nilimwakia. "Umemfanya mama yako dubwana?"

Akainamisha kichwa. "Nilitaka hatua ambazo mtu hawezi kuzinyima mlango."

"Hebu nyamazeni," Baba akasema. "Rudisha pale."

Akacheza tena, akafungua tena, akaliwa tena. Siku hizi wanakaa pamoja kila alasiri, wanabishana kama zamani.

Sasa Mpole anataka kuutoa mchezo kwa watu wote. Baba amekubali hatua zibaki. Mimi kusema nimeshindwa, mara nataka, mara sitaki. Wewe ndiye mkubwa wetu, tunangoja neno lako.

Jana walipotoka kuota jua, nilizivaa spika mimi. Nikasubiri. Zikaja kandambili, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo, vile vile alivyokuwa akitembea. Sikufungua. Niliziacha zipite, zirudi, zipite tena, mpaka usingizi ukanichukua pale pale kitini.

Baba na Mpole wanakusalimu, na Shangazi wa duka la vitambaa, ambaye hanioni bila kukuulizia. Mungu awatunze nyote, na akupe usingizi mzuri kuliko wangu.

Mdogo wako wa katikati, akupendaye sana.